Alikaa, Amekaa: Lenzi Kuukuu na Njeo ya Picha

Mwezi wa Agosti, nikiwa Unguja kwa mapumziko, nilituma picha ya Ami yangu katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Ilikuwa yapata saa tano ya usiku. Sikuandika neno lolote chini yake, kwa kuwa niliona picha yenyewe inajitosheleza, na nikalala nikiwa nimeridhika na kazi yangu. Nilipoamka kwa ajili ya sala ya alfajiri nilikuta simu imejaa ujumbe. Wa Muscat walikuwa wameandika, wa Dubai wameandika, wa Leicester na wa Toronto wameandika, na karibu wote waliandika maneno yale yale: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mmoja alikwisha kuuliza maziko ni saa ngapi. Dada yangu wa Muscat, binti yake Ami, alikuwa amepiga simu mara kumi na moja. Ami mwenyewe alikuwa chumba cha pili, anakoroma.

Ikabidi nimwamshe. Alimsikiliza bintiye akilia, akamwambia, "Mwanangu, mimi mzima, nasema nawe," mara tatu au nne, mpaka yule akaamini. Kisha akataka kuviona vyote, rambirambi na picha. Rambirambi alizisoma kwa sauti. Alipofika penye "alikuwa mtu wa watu" alisita, akaniangalia juu ya miwani: "Nilikuwa?" Halafu akaitazama picha, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akasema, "Umenitanguliza, mwanangu, na mimi sijaitwa."

Sehemu ya kosa langu haihitaji falsafa. Katika makundi ya koo zetu, anayetuma picha ya mzee usiku bila ya maneno ametangaza msiba, na mtu aliyeishi ughaibuni miaka mingi kama mimi ndiye hasa anayepaswa kulijua hilo, maana misiba yetu mingi tumeipokea kwa njia hiyo hiyo. Lakini jambo halikuishia hapo. Siku ya pili nilimpelekea dada yangu picha nyingine ya baba yake, iliyopigwa na mjukuu kwa simu, nikamuuliza: lau ningeituma hii usiku ule, bila ya maneno vilevile, ungestuka? Akafikiri, akasema hapana, angedhani Baba amenunua kofia mpya. Ile ya mwanzo, alisema, hata ningeiandikia chini yake "Ami anawasalimu," angelia tu.

Kwa hiyo picha yenyewe ilikuwa na la kujibu, na mimi pia.

Niliipiga kwa lenzi ya Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow. Namba yake inaanza na tarakimu 74, na kwa desturi ya viwanda vya Kisovieti hiyo huwa ni alama ya mwaka wa kutengenezwa. Niliinunua katika soko la Jumapili la vitu vikuukuu huku Uingereza, ikiwa katika kisanduku kimoja na vijiko na saa zilizosimama, kwa paundi ishirini. Kamera niliyoifungia ni Canon EOS 5D ile ya mwanzo, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na pikseli milioni 12.8. Ilipokuwa mpya iliuzwa Marekani kwa dola 3,299. Mimi niliipata kwa bei ya jozi moja ya viatu vizuri.

Vitu hivi viwili havikuumbwa kukutana. Lenzi ile hufungwa kwa hesi yenye upana wa milimita 42, na imepimwa ikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Kamera yangu inataka lenzi zinazokaa milimita 44 kutoka kwenye kitambuzi cha mwanga. Tofauti ni kama milimita moja na nusu, na ndani ya tofauti hiyo ndimo inamoingia pete nyembamba ya chuma inayoviunganisha. Kamera haijui kwamba imefungwa lenzi. Hakuna umeme unaopita kati yao, hakuna habari inayopelekwa. Lenzi ina pete mbili za kuongoza tundu la mwanga: moja unaiweka penye namba unayoitaka, ya pili unaizungusha kufungua uone vizuri na kufunga unapotaka kupiga. Sura unaikaza kwa mkono na kwa jicho lako, na jicho la mtu wa miaka hamsini na tatu si shahidi wa kutegemewa.

Lenzi ina nasaba, nayo inafika mpaka kwa Ami. Helios ni mtoto wa Biotar, lenzi ya Zeiss ya mjini Jena iliyosanifiwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Baada ya vita Wasovieti walichukua kutoka Jena michoro, mitambo na hata mafundi, kama fidia ya uharibifu waliofanyiwa, na kutokana na hayo viwanda vyao vikazaa lenzi za namna hii kwa wingi. Jena yenyewe ilibaki ndani ya Ujerumani ya Mashariki, dola ile ile ambayo Zanzibar iliitambua mwaka 1964, na ambayo kwa msaada wake yalijengwa majumba ya ghorofa ya Kikwajuni. Ami anakaa katika mojawapo ya majumba hayo. Nilipomweleza asili ya lenzi aliigeuza mkononi, akagonga ukuta wa sebule kwa kidole, akasema, "Basi ndugu moja na hili."

Wanaopenda lenzi kuukuu, na siku hizi wako wengi, hawakosi maneno ya kujitetea. Husema kwanza habari ya bei, na hapo sina ugomvi nao. Sisi ni watu wa mitumba. Tumejua tangu utotoni kwamba kitu kilichotupwa na tajiri kinaweza kuwa na miaka mingi mbele yake, na kwamba kukitumia si aibu. Kamera ya miaka ishirini inayofanya kazi haina sababu ya kwenda jalalani eti kwa kuwa imezaliwa nyingine. Lakini hoja hii inaeleza kwa nini niliinunua lenzi. Haielezi kwa nini niliielekeza kwa Ami, maana kwenye begi nilikuwa nayo lenzi nyingine, ya kisasa, ya plastiki, iliyonigharimu pesa kidogo vilevile. Tena Waswahili walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Hawakutuonya kwamba iko siku kitakachokuwa kinyemi ni kikuukuu, na kidonda kitakuwa pale pale.

Hoja nyingine ni ya subira. Lenzi isiyojilenga yenyewe, wanasema, humfunza mpiga picha adabu: lazima amwombe mtu akae, azungumze naye, angoje. Ni kweli kwa kiasi. Nilikaa na Ami muda mrefu kuliko ambavyo ningekaa kwa simu, na alinisimulia habari ambazo nisingezipata. Hata hivyo nina shaka na watu wanaougeuza uzito wa chombo kuwa fadhila ya moyo. Wajukuu wa Ami waliokuwa wakikimbia uani sikumpata hata mmoja, wote walitoka vivuli. Na mwindaji anayekwenda polepole bado ni mwindaji. Lugha yetu haikuficha jambo hili: picha tunampiga mtu, na yeye hupigwa.

Hoja yenye uzito ni ile ya uzuri wa kasoro, nami lazima niieleze vizuri kwa kuwa ndiyo iliyonivuta. Mafundi wa lenzi wametumia zaidi ya karne wakipigana na tabia ya mwanga ya kutotii. Mionzi inayopita pembezoni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile inayopita katikati, na nukta ya taa iliyo kando ya picha hurefuka. Katika Helios ikifunguliwa kabisa, yaani penye namba 2, mwili wa lenzi hukata sehemu ya mionzi ya pembeni, na kila jani lenye kung'aa nyuma ya mtu hugeuka umbo la ndimu. Ndimu hizo hujipanga duara, hata mti ukaonekana unazunguka kichwa cha aliyekaa mbele yake. Tena utando uliopakwa juu ya vioo vyake kuzuia mng'ao ni mchache ukilinganisha na wa lenzi za leo. Ukiielekeza kwenye jua, mwanga hurukaruka baina ya vioo, weusi wote unakuwa kijivu, na picha inapata kama utandu wa maziwa.

Nilimweka Ami chini ya mwembe ulio nyuma ya jengo, saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni kwake. Alivaa kanzu nyeupe. Nilifungua lenzi yote. Majani yakazunguka kichwa chake, kanzu ikayeyukia katika mwanga, na uso ukabaki peke yake kati ya weupe, laini, bila ya mikunjo yake mingi, kama wa mtu anayeingia mahali fulani au anayetoka. Niliona ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ndugu zangu waliiona na kumwombea nuru kaburini, na nikitazama sasa sioni ni dua gani nyingine waliyoachiwa.

Je, nilisema uongo? Swali hili lina ukongwe wake katika mila yetu. Upigaji picha ulipoenea katika nchi za Kiislamu wanazuoni walijadili kama unaingia katika katazo la kutengeneza sura za viumbe, na miongoni mwa walioujibia ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20. Alisema unajuzu, na sababu aliyoitoa inastahili kufikiriwa hata na asiyekuwa na haja ya fatwa: mpiga picha haumbi, anachofanya ni kukizuia kivuli kisiondoke. Kivuli kilikuwapo, mtu amekishika tu. Ninaipenda hoja hii kwa upole wake, na naiona inabeba sharti ambalo hatulitaji sana. Ruhusa imejengwa juu ya dhana kwamba mpiga picha haongezi kitu. Mti ule haukuwa ukizunguka kichwa cha Ami. Mzunguko ule nimeuleta mimi kutoka soko la Jumapili.

Lakini hapa nalazimika kuwa mwadilifu kwa lenzi yangu. Hata simu ya mjukuu haikizuii kivuli kikabaki kama kilivyo. Simu za leo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, huinua penye giza na kushusha penye mwanga, na nyingi hulainisha ngozi bila kumwuliza mwenyewe. Katika picha ya simu Ami hakuwa na chunusi wala kovu lake la shavuni, na alikuwa mweupe kuliko alivyo. Tukipima ukweli kwa ulinganifu wa picha na uso, zote mbili zimeshindwa, na huenda ya simu imeshindwa zaidi. Hata hivyo iliyomfanya mtu aulize saa ya maziko ni yangu. Basi walichokiona ndugu zangu lazima kiwe kitu kingine, kisichopimwa kwa ulinganifu.

Ninadhani ni njeo.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, alichokiandika baada ya kufiwa na mama yake, alishikilia kwamba asili ya picha ni kushuhudia kuwa kitu kilikuwapo mbele ya lenzi, na kwa ajili hiyo kila picha inabeba ndani yake mauti ya aliyepigwa. Wasomi wameirudia kauli hiyo mara nyingi hata imekuwa kama jambo lisilobishwa. Mimi nina neno dogo la kuongeza, nalo ni la sarufi. Kifaransa cha Barthes kina umbo moja la wakati uliopita linaloweza kubeba maana mbili: jambo lililokwisha likaondoka, na jambo lililokwisha likaacha hali inayoendelea. Anayesema Kiswahili hana nafasi ya kujificha hapo. Lazima achague. Alikaa, au amekaa? Alivaa kanzu, au amevaa kanzu? "Alikaa" ameinuka na kiti kitupu. "Amekaa" bado yupo kitini, na ukimwita atageuka.

Sasa msikilize Mswahili yeyote anapomfungulia mgeni albamu ya picha. Hapa Bibi amesimama, hapa amemshika mama yako mkono, hapa marehemu Babu amevaa suti ya kuazima. Bibi amekufa miaka thelathini, na bado amesimama. Hatusemi "alisimama" ila tunapoiacha picha na kuanza kusimulia habari ya siku ile. Mtu anaweza kupinga kwamba hii ni desturi ya lugha tu, kama msimulizi wa ngano anavyoweza kusimulia ya kale kwa njeo ya sasa. Huenda. Lakini deni la mtu kwa mwenzake mara nyingi limewekwa katika desturi za namna hiyo, na katika hii naona deni: mtu aliyekubali kukaa mbele yako umpige picha amekupa hali ya kukaa kwake, na anatarajia uihifadhi katika -me-. Anayekitazama kivuli kilichozuiwa anapaswa aweze kusema: huyu amekaa.

Mimi nilimnyambulia Ami katika -li-. Aliposoma "alikuwa" na kuuliza "nilikuwa?", alilishika kosa mahali pake hasa, tena bila ya kuwa amemsoma Barthes.

Na sasa nikiri jambo ambalo sikumwambia siku ile. Lenzi haikutenda peke yake. Usiku ule, kabla ya kutuma, niliiingiza picha katika kompyuta. Nikaongeza umanjano kidogo kwenye mwanga. Nikaufifiza weusi zaidi ya ulivyokuwa umefifia. Nikatia chembechembe, zile za filamu, ambazo kamera yangu haina. Zamani tulipopeleka filamu dukani tulisema tunakwenda kusafisha picha, na neno hilo linanirudia sasa kwa kinyume chake. Nilikuwa na picha iliyo safi kiasi chake, nikakaa nusu saa kuitia uchafu.

Uchafu wa nani? Umanjano ule ni wa filamu za rangi za utotoni mwangu, na filamu hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya watu kama Ami. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mtambo ulikuwa sawa. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyeandika habari hizi, ameeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu iboreshwe katika rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki sawasawa. Mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe alibaki macho na meno. Nyumbani kwetu tunazo picha kadhaa za namna hiyo, za harusi, na tunazitazama kwa mapenzi makubwa. Lakini kuchukua udhaifu wa chombo kile, ambacho hakikutuona, na kuupaka kwa makusudi juu ya uso wa mtu ambaye leo chombo kinaweza kumwona, ni jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo nilipokuwa nikisogeza vitufe. Nilidhani natia joto.

Sisi wa ughaibuni tuna ugonjwa wetu mahususi hapa. Nimeingia nyumba nyingi za Wazanzibari Muscat na London, na ukutani hukosi mlango wa nakshi, jahazi, au picha ya Mji Mkongwe wa miaka ambayo mwenye nyumba hakuwahi kuishi. Sizungumzi kwa dharau, kwangu ipo pia. Wenye nyumba hizo waliondoka wengine kwa hofu na wengine kwa njaa, na mtu aliyeondoka hivyo ana haki ya kuukumbuka mji kama alivyouacha. Neno langu ni kwamba mji haukuondoka naye. Walioubaki wamezeeka kwa kasi yao wenyewe, wana deni la umeme, wanagombana kuhusu mpira, wanatumiana vichekesho. Tunaporudi na kamera tunawatafutia pembe ambayo antena haionekani. Nilipomketisha Ami chini ya mwembe nilimwomba aisogeze pikipiki ya kijana wa jirani, na pia avue saa yake ya mkononi, ya dijitali. Aliivua bila ya kuuliza. Hilo linanikera sasa kuliko ule mzunguko wa majani.

Ami alikuwa na lake la kusema kuhusu picha za zamani, na lilinipa haya. Alipokuwa kijana, sikukuu haikutimia mpaka mtu amekwenda studio. Katika mji wa Unguja palikuwa na studio kadhaa, na ile ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendelezwa na mwanawe, inakumbukwa na wengi. Watu walikwenda, Ami alisema, na nguo zao mpya kabisa, wamechana nywele kwa mtindo wa filamu za Kihindi za mwaka ule ule, na walitaka taa kali na sura ya wazi, kila kifungo kihesabike. "Tulikwenda ili tuonekane wa leo," alisema. Nimezitazama tena picha zake chache zilizosalia, na ni kweli. Hakuna ukungu ndani yake. Ukungu tunautia sisi tunapozitazama. Hata Helios yangu, mwaka 1974, haikuwa ikitoa picha za kale, bali za mwaka 1974.

Siku tatu baadaye nilimwomba anipe nafasi nyingine, kwa lenzi ile ile na kamera ile ile. Nilitaka kujua kosa lilikuwa la kioo au la mtu. Safari hii tulibaki ghorofani. Nilimkalisha kando ya dirisha la sebule, mwanga ukimjia ubavuni, na lenzi nikaifunga mpaka 5.6, ambapo sehemu kubwa ya ukaidi wake hutulia. Nilikata karatasi nyeusi ya jalada la daftari nikaizungusha mbele ya kioo iwe kivuli dhidi ya mwanga wa pembeni. Saa alikuwa nayo mkononi. Nyuma yake pana friji, na juu ya friji pana kalenda ya benki. Picha ilitoka safi, kwa maana zote mbili. Ukiikuza unaona kovu la shavuni na uzi uliokatika kwenye mshono wa kofia. Kuna upole fulani katika namna kivuli kinavyogeukia mwanga kwenye paji la uso, na huo naamini ni wa lenzi, na sioni sababu ya kuuondoa. Kompyuta sikuigusa ila kuinyosha picha iliyokuwa imepinda.

Niliituma mchana, na maneno. Dada yangu alijibu kwa kuuliza kwa nini Baba hajanyoa.

Wiki moja baadaye, nilipokwisha rudi Uingereza, aliniandikia peke yangu, nje ya kundi. Aliniomba nisiifute ile ya mwembe. "Iweke," alisema, "itafaa siku yake." Nimekaa na ombi hilo muda mrefu. Sijui kama linaivunja hoja yangu yote au linaithibitisha. Picha hiyo imo katika diski, katika faili lisilokuwa na jina, na kila ninapopita karibu nayo nahisi kama mtu aliyenunua sanda mapema akaificha kabatini, jambo ambalo wazee wetu walilifanya bila ya kuona ajabu. Sijaifuta. Ami sijamwambia.

Siku ile ya dirishani, tulipomaliza, alitaka kamera. Nilimwonyesha wapi pa kuzungusha na wapi pa kubonyeza, nikakaa kwenye kiti chake. Alichukua muda mrefu sana, akifumba jicho moja kisha jingine, akiniambia nisitikisike na mimi sitikisiki. Alipiga moja tu. Ninayo mbele yangu hapa ninapoandika. Kalenda ya benki iliyo nyuma yangu imetoka barabara, tarehe zote zinasomeka. Mimi nimekaa, hilo linaonekana, lakini mtu asiyenijua hawezi kusema ni nani.